Barua Pepe za Leseni Zisipotee: Namna ya Kutunza Folda katika Kompyuta ya Ofisi

Na Mwandishi Wetu, Geita

Mchimbaji mdogo wa dhahabu katika Kata ya Rwamgasa, wilayani Geita, anaweza kuwa na duara lenye matimba imara, karasha linalosaga mawe kutwa nzima na daftari la mauzo lisilo na doa, lakini bado akajikuta matatani kwa sababu ya barua moja ambayo hakuisoma. Barua hiyo haikupotelea njiani. Ilifika salama katika kompyuta ya ofisi yake, au katika kompyuta ya duka la stesheneri lililomsaidia kujaza maombi, kisha ikazama chini ya maelfu ya barua nyingine, au ikatoweka pamoja na faili zima siku umeme ulipokatika ghafla.

Jambo hili lina uzito kwa sababu shughuli za leseni za madini nchini zimehamia mtandaoni. Mfumo wa kuombea na kusimamia leseni kwa njia ya mtandao ulianza kutumika mwaka 2015, na Tume ya Madini, iliyoundwa kufuatia marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, imeendelea kuutumia katika kuwahudumia wenye leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania na kudumu kwa miaka saba, ina kumbukumbu nyingi: maombi yenyewe, ramani ya eneo, ankara zenye namba ya kumbukumbu ya malipo, yaani kontroli namba, stakabadhi, pamoja na mawasiliano kuhusu mazingira, kodi na mikataba ya ubia. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo hupita, au nakala yake hubaki, katika barua pepe.

Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, mmiliki anayekiuka masharti ya leseni yake hupewa hati ya makosa na kutakiwa kurekebisha kasoro katika muda wa siku 30, vinginevyo leseni inaweza kufutwa. Siku hizo hazingoji mtu apate nafasi ya kusafisha kikasha chake. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki kuwa ushahidi unaokubalika, na Kifungu cha 18 kinaeleza mambo ya kuzingatiwa katika kuupima uzito wake: namna ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa au kutumwa, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeutuma alivyotambuliwa. Kwa maana hiyo, mchimbaji aliyeitunza barua halisi ndani ya kompyuta yake yuko mahali pazuri zaidi kuliko yule aliyebakiwa na karatasi iliyochapishwa na kufubaa kwa vumbi la mwaloni.

Ili kuelewa jinsi barua zinavyopotea, ni vyema kwanza kujua zinakaa wapi. Mtu anayesoma barua pepe kwenye simu huwa anazitazama zilizoko katika seva ya mtoa huduma. Mtu anayetumia programu ya barua pepe katika kompyuta ya mezani, kama vile Thunderbird au Outlook, mara nyingi huwa na hifadhi nyingine ndani ya kompyuta hiyo. Hifadhi hizo mbili zinaweza kuwa nakala moja ya nyingine, au zinaweza kutofautiana kabisa. Tofauti hiyo inatokana na utaratibu uliochaguliwa siku akaunti ilipofungwa katika kompyuta, na watumiaji wengi hawakumbuki kuwa waliulizwa.

Taratibu zinazotumika zaidi ni mbili, POP na IMAP. POP huteremsha barua kutoka kwenye seva na kuziweka katika kompyuta. Katika programu nyingi, mpangilio wa awali wa POP ni kuiacha nakala kwenye seva kwa siku 14 tu, kisha kuifuta. Siku hizo zikiisha, nakala pekee iliyobaki duniani ni ile iliyomo ndani ya kompyuta hiyo moja. Msomaji na alinganishe mwenyewe siku 14 hizo na siku 30 za hati ya makosa, achilia mbali miaka saba ya leseni. IMAP kwa upande wake huziacha barua kwenye seva, na kompyuta na simu zote huonyesha kilichoko huko. Huo ni utaratibu bora kwa ofisi yenye kompyuta moja na simu tatu, ila nao una hatari yake: kijana wa ofisi akifuta barua kwenye simu ili kupunguza msongamano, barua hiyo hufutika na kwenye kompyuta ya mezani. Kwa hiyo IMAP haipaswi kuhesabiwa kuwa ni nakala rudufu. Ni barua ileile moja, inayotazamwa kupitia madirisha mengi.

Sasa tuje kwenye folda yenyewe. Kwa macho ya mtumiaji, folda ni kama kabati lenye bahasha nyingi, kila barua katika bahasha yake. Ndani ya kompyuta hali si hiyo. Katika Thunderbird, kwa mpangilio wake wa kawaida, folda nzima ni faili moja refu la maandishi ambamo barua zimeandikwa moja baada ya nyingine, mfano wa daftari la kaunta ambalo karani wa karasha huandika viroba vinavyoingia. Mtu anapofuta barua, programu haichani ukurasa. Huweka alama tu kwamba barua hiyo isionyeshwe tena, na maandishi yake hubaki palepale yakichukua nafasi. Hata kuihamishia barua katika folda nyingine ni hivyohivyo: inaandikwa upya katika daftari la pili, na kule ilikotoka inawekewa alama ya kufutwa. Daftari linanenepa mwaka hadi mwaka, ingawa kwenye kioo cha kompyuta linaonekana kuwa na barua chache.

Pembeni ya daftari hilo kuna faili dogo la faharasa linaloiambia programu kila barua inaanzia wapi. Faharasa ikitofautiana na daftari, ndipo mtumiaji anapoona maajabu: kichwa cha habari ni cha Afisa Madini, yaliyomo ni tangazo la duka la simu; au folda inaonekana tupu wakati faili lake lina ukubwa wa mamia ya megabaiti.

Dawa ya unene huo ni kuishindilia folda, kazi ambayo katika Thunderbird huitwa “Compact”. Programu hufungua faili jipya, hunakili humo barua zile tu ambazo hazikufutwa, kisha huliondoa faili la zamani na kuliweka jipya mahali pake. Mambo mawili hufuata kutokana na maelezo hayo. La kwanza, diski inapaswa kuwa na nafasi ya kutosha kuyabeba mafaili yote mawili kwa muda. La pili, kazi hiyo isikatishwe. Kompyuta isizimwe kwa kubonyeza kitufe, na programu isifungwe kwa nguvu. Ofisi iliyoko mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, au inayotegemea jenereta ileile inayoendesha karasha, inapaswa kuwa na kifaa cha UPS kinachoshikilia umeme kwa dakika chache. Pasipo kifaa hicho, kushindilia kufanyike kwa kompyuta ya mapajani yenye chaji, au kufanyike baada ya nakala kuchukuliwa. Matoleo ya sasa ya Thunderbird huweza kuifanya kazi hii yenyewe nafasi inayopotea inapokuwa kubwa. Mtumiaji akiona kompyuta inasitasita kwa muda, avute subira.

Outlook ina umbo tofauti, lakini hatari ni ya aina hiyohiyo. Akaunti inayotumia POP huweka kila kitu, folda zote pamoja na kalenda, ndani ya faili moja lenye kiambishi cha PST. Mfumo wa zamani wa faili hilo, uliotumika katika Outlook 97 hadi 2002, ulikuwa na ukomo wa gigabaiti 2. Ukomo huo ukivukwa, faili linaweza kuharibika. Outlook 2003 na 2007 ziliongeza ukomo hadi gigabaiti 20, na tangu Outlook 2010 ni gigabaiti 50. Ukomo mkubwa umewafanya watumiaji wabweteke. Faili la gigabaiti 40 halijafika mwisho, ni kweli, lakini ni zito kulinakili, ni zito kulikarabati, na likiharibika linaondoka na kila kitu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kikasha, yaani folda ambayo barua mpya huingilia, si ghala. Ni mlango. Ndilo faili linaloandikwa mara nyingi zaidi kwa siku, kwa hiyo ndilo linaloharibika kwa urahisi zaidi umeme unapokatika. Vilevile ndilo linalopokea barua zenye virusi. Iwapo kiambatisho kimoja kimebeba virusi, programu ya kudhibiti virusi inaweza kulifungia au kulifuta faili zima ambamo kiambatisho hicho kimo, na faili hilo ndilo kikasha chenyewe pamoja na barua halali za miaka mitano. Thunderbird ina chaguo linaloruhusu barua zinazoingia zikaguliwe moja moja kabla hazijaunganishwa na nyingine. Chaguo hilo liwashwe. Lakini kinga iliyo rahisi zaidi ni kuhakikisha kikasha hakina kitu cha kupoteza. Barua ikishasomwa na kushughulikiwa, ihamishwe.

Ihamishwe wapi? Kwa mchimbaji wa Rwamgasa, mgawanyo unaofaa ni ule unaofuata kazi yake. Folda moja kwa kila leseni, yenye namba ya leseni kama jina lake, ni bora kuliko folda iitwayo “Muhimu”, kwa kuwa baada ya miezi sita kila kitu huwa muhimu. Folda ya malipo ihifadhi ankara na stakabadhi, na folda ya kodi ibaki peke yake, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano. Anayeuza dhahabu katika Soko la Madini Geita, lililofunguliwa Machi 2019, atahitaji pia mahali pa kumbukumbu za mauzo. Folda zisizidi zile ambazo mtu anaweza kuzikumbuka kwa kichwa. Mwisho wa kila mwaka, barua za mwaka huo zihamishiwe katika folda ya mwaka husika ambayo haitaguswa tena. Faili lisiloandikwa mara kwa mara haliharibiki kirahisi.

Ipo tahadhari moja ambayo maelekezo mengi huiruka. Akaunti ikiwa ni ya IMAP, kuhamisha barua kutoka kwenye kikasha kwenda kwenye folda zilizo ndani ya kompyuta, zile ambazo Thunderbird huziita “Local Folders”, huiondoa barua hiyo kwenye seva. Haitaonekana tena kwenye simu, na usalama wake utategemea kompyuta hiyo moja. Kwa hiyo folda za leseni na malipo zitengenezwe ndani ya akaunti yenyewe, zibaki kwenye seva, na folda za ndani ya kompyuta zitumike kwa nakala tu.

Barua zilizotunzwa lazima pia ziweze kupatikana, na hapa Rwamgasa ina tatizo lake la pekee. Jina la kata hii huandikwa kwa namna mbili. Wapo wanaoandika Rwamgasa, na wapo wanaoandika Lwamgasa, kama linavyoonekana katika jina la kituo cha mfano cha uchenjuaji cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Kompyuta haijui kwamba hapo ni mahali pamoja. Anayetafuta barua kwa kuandika jina lenye R hataletewa ile iliyoandikwa kwa L, na anaweza kuamini kuwa imepotea kumbe imo. Kutafuta kwa namba ya leseni au kwa kontroli namba ni salama zaidi. Majina ya watu nayo hubadilikabadilika. Namba hazina lafudhi.

Nakala rudufu ndiyo ulinzi wa mwisho, na inahitaji nidhamu zaidi kuliko ujuzi. Programu ya barua pepe ifungwe kwanza, kwa kuwa faili linaloandikwa wakati linanakiliwa linaweza kutoka likiwa na kasoro. Kisha folda nzima ya wasifu wa Thunderbird, ambayo mahali ilipo huonekana kupitia ukurasa wa taarifa za utatuzi katika menyu ya msaada, au faili la PST la Outlook, inakiliwe kwenye diski ya nje au flashi. Diski hiyo isikae kwenye droo ya meza ileile. Mwizi anayebeba kompyuta hubeba na droo, na moto hauchagui. Wenye ofisi mwaloni wanaweza kuiacha nyumbani au Katoro wanakokwenda sokoni. Nakala mbili zinazopokezana, moja kila wiki, zinatosha kwa ofisi ndogo. Mara moja moja diski ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili kuthibitisha kwamba barua zinasomeka.

Watu wasiokuwa na kompyuta wako katika hatari ya aina nyingine. Mchimbaji anayejaziwa maombi dukani, kisha anuani ya barua pepe ikaandikwa ya duka au ya kijana anayehudumia, hana barua pepe. Ana ahadi ya kupigiwa simu. Kijana akihama, au kompyuta ya duka ikipigwa chapa upya kwa sababu ya virusi, mawasiliano ya leseni yanaondoka nayo. Inapendekezwa kila mwenye leseni awe na anuani yake mwenyewe, iliyofunguliwa kwa namba yake ya simu, na nenosiri alitunze yeye. Wanaomiliki kwa kikundi wawe na anuani ya kikundi, nenosiri lifahamike kwa viongozi wawili, na libadilishwe kila uongozi unapobadilika. Wenye maduka nao wakumbuke kuwa barua na vitambulisho vya wateja vinavyobaki katika kompyuta zao ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Anuani iliyofunguliwa ikatelekezwa haitadumu. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na barua zake, na Gmail hufuta yenyewe barua zilizokaa kwenye tupio au kwenye barua taka kwa siku 30. Nafasi ya bure ya gigabaiti 15 hugawanywa kati ya barua, picha na nyaraka. Picha za simu zikiijaza, barua mpya hazitaingia, na aliyetuma atarudishiwa. Folda ya barua taka ikaguliwe angalau mara moja kwa wiki. Katika kufanya hivyo, mwananchi awe makini: anuani za taasisi za Serikali huishia na go.tz, na malipo ya Serikali hufanyika kwa kontroli namba. Barua inayodai ada ya leseni itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi haipaswi kulipiwa, hata ikiwa na nembo.

Ikitokea barua imeonekana kupotea, jambo la kwanza ni kuacha kila kitu kama kilivyo. Folda isishindiliwe, kwa kuwa kushindilia ndiko kunakofuta kabisa kile kilichokuwa kimewekewa alama tu. Mtumiaji aingie kwenye akaunti yake kupitia kivinjari, aangalie kikasha, tupio na barua taka, kisha aangalie kama kuna kichujio kilichoihamisha barua bila yeye kujua. Akiikosa, anakili faili zima la folda pembeni, ndipo ajaribu ukarabati: katika Thunderbird, sifa za folda zina kitufe cha “Repair Folder” kinachojenga upya faharasa, na mara nyingi barua huonekana tena kwa sababu daftari lilikuwa zima, faharasa ndiyo iliyoharibika. Outlook inayo programu yake ya ukarabati iitwayo ScanPST, inayokuja pamoja nayo.

Wakati ukarabati ukiendelea, siku zinahesabika. Mwenye leseni asisubiri fundi amalize. Aingie katika akaunti yake kwenye mfumo wa leseni aone hali ya leseni na madeni yaliyopo, na afike katika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi, Geita, akiwa na namba ya leseni na kitambulisho, kuomba nakala ya barua husika na kuuliza tarehe iliyotumwa. Ombi hilo liwe la maandishi, na nakala yake, yenye muhuri wa kupokelewa, iingie katika folda ya leseni hiyo siku hiyohiyo.